Matanga Chini ya Lango

Nilikwenda Japani nikiwa nimeshaamua jambo moja: goti langu halitapigwa mbele ya mungu wa watu. Mzee wa kanisa letu la Doha, Herbert, alikuwa ameniita kando baada ya ibada akanionya kuhusu sanamu kwa robo saa nzima, mpaka nikamwuliza kama anayesafiri ni yeye au ni mimi. Mimi ni Msabato wa Nyamira, nimebatizwa mtoni nikiwa na miaka kumi na minne, na sihitaji kufundishwa amri ya pili na mtu anayesinzia wakati wa mahubiri. Nilimwambia naenda kazini. Mgonjwa wangu anataka kuliona hekalu la kwao, na mimi ndiye ninayemshika mkono. Mguu utaingia, moyo utabaki nje. Nilijiona mjanja sana kwa kusema hivyo.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa bibi wa miaka themanini na sita, jina lake Sumie. Alifundisha Kiingereza shule ya upili kwa zaidi ya miaka thelathini, na wanafunzi wake wa zamani, ambao nao sasa ni wazee wenye vipara, walipompigia simu walimwita kwa neno lao la mwalimu. Nami nikamwita Mwalimu, kwa Kiswahili, akalipenda. Mwanawe wa pekee, Bwana Yasuo, ni mhandisi wa gesi. Alimleta Doha baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga, kwa sababu kijijini kwao hakukuwa na mtu aliyebaki wa kumwangalia.

Tulikaa The Pearl, ghorofa ya kumi na saba. Bwana Yasuo alitoka alfajiri akarudi jioni, nasi tulibaki wawili na mashine ya hewa baridi. Kule chini kuna mashua nyeupe za matajiri zimefungwa kwa mstari, na Mwalimu alipenda kuniuliza, kwa kile Kiingereza chake cha vitabuni, kama nimewahi kuona hata moja ikiondoka. Sikuwahi. Miaka mitatu tuliziangalia na hakuna iliyoondoka. Labda ziliondoka tulipokuwa tumelala mchana.

Mtu akikaa miaka mitatu na mtu mmoja, anajifunza vingi. Nilijua anavyokohoa akiwa mgonjwa na anavyokohoa akitaka kuangaliwa. Yeye alijua nikiimba jikoni ni kwamba nimekasirika. Lakini kujuana kwa namna hiyo hakumwondolei mtu upweke, na mimi sitadanganya hapa. Kulikuwa na siku ambazo, zaidi ya yeye na mlinzi wa mlangoni, sikutamka neno kwa mtu yeyote.

Mwalimu alitaka kitu kimoja tu kilichobaki duniani. Kijijini kwao kuna hekalu la Kishinto la miaka mia tisa, ndani ya msitu, juu ya mto. Alipelekwa huko akiwa mchanga wa mwezi mmoja. Akapelekwa tena akiwa na miaka mitatu, na saba, akiwa amevalishwa nguo za hariri. Akaolewa huko. Akampeleka Yasuo huko akiwa mgongoni. Sasa alitaka kurudi mara moja ashukuru na kuaga, basi. Daktari alisema ni mwaka huu, kabla ya baridi, au asahau. Na kutoka mahali gari linapoishia mpaka hekaluni kuna ngazi sabini na mbili za mawe.

Hizo ngazi ndizo zilizotutoa jasho. Kwa miezi miwili, kila asubuhi, tulifanya mazoezi kwenye ngazi za dharura za jengo letu, mimi nikiwa nimemshika kulia na ukuta ukimshika kushoto. Siku ya kwanza alipanda tatu akakaa. Mwishoni mwa Septemba alipanda ghorofa mbili na nusu, akanitazama kama mtoto aliyepita mtihani. Viza yangu ya Japani ilikuwa imetafutwa kwa miezi mitatu, barua juu ya barua. Bwana Yasuo aliniambia wazi, "Bila wewe mama hasafiri. Hamwamini mtu mwingine amshike kwenye ngazi."

Basi Jumanne moja, nikiwa namkata Mwalimu kucha, simu ikalia. Alikuwa kaka yangu Ombati. Akasema, "Kwamboka, Mama ametuacha." Akasema ni presha, alianguka akitoka kuchuma chai, hakufika hata hospitali. Nikamwambia nitampigia. Nikarudi kwa Mwalimu nikamaliza kucha za mkono wa pili.

Sikusema. Watu wa nyumbani wameniuliza mara nyingi kwa nini, na Ombati ameniuliza kwa maneno ambayo siyarudii. Ningemwambia Bwana Yasuo angenikatia tiketi siku ile ile, hilo sina shaka, si mtu mbaya. Lakini safari ya Mwalimu ingekufa hapo hapo. Nikajiambia Mama ameshakufa, hawezi kufa mara ya pili, na huyu mwingine ndiye anayeweza kukosa. Nilidhani hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili. Na kuna jambo jingine, nalo niliseme wazi: niliogopa. Kwetu mtu akifiwa nyumba inajaa. Watu wanapika, wanaimba, wanagombana juu ya nani ameficha sufuria kubwa, na wewe mfiwa unalia katikati yao mpaka unachoka. Mimi ningekaa matanga na nani pale ghorofani? Na mashine ya kufulia?

Na ndivyo ilivyokuwa hasa. Mazishi yalikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa sita mchana, na saa za Kenya na za Doha ni moja. Nilijifungia chumba cha kufulia, nikawasha mashine ikiwa na taulo mbili ili isikike inafanya kazi, nikafungua simu. Mpwa wangu Chelsea ndiye aliyekuwa ameshika kamera huko. Niliona hema, nikaona kwaya, nikaona jeneza likibebwa kupita migomba. Walipolifikisha kaburini mtandao ukaganda. Kwenye kioo kukabaki mwavuli wa bluu wa mtu nisiyemjua, dakika tano nzima. Uliporudi, vijana walikuwa wameshafukia mpaka karibu juu. Niliambiwa mke wa Ombati alitupa mchanga kwa jina langu. Niliambiwa, sikuona.

Hapo kengele ya Mwalimu ikalia. Alitaka chai. Nikanawa uso nikampelekea.

"Macho yako mekundu," akasema.

"Sabuni ya kufulia," nikasema.

Mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini anajua uongo ulivyo, lakini alinywa chai yake.

Katika Doha nzima aliyejua msiba wangu ni mtu mmoja, Hannah, Mkenya mwenzangu anayekaa mtaa wa Najma na kuwatafutia watu kazi za nyumbani na za kuuguza. Ijumaa, siku yangu ya kupumzika, nilikwenda kwake. Wanakaa wanne chumba kimoja, vitanda vya juu na chini. Alinikumbatia, akanipa chapati, akasema, "Pole sana mami. Lakini skiza, usiambie boss. Wakianza kukuona ukilia, wanakuchukulia kama mzigo." Nikamwambia sina mpango huo. Wale wenzake watatu wakasema pole, kisha wakarudi kwenye simu zao, na siwalaumu, kila mmoja alikuwa na yake.

Tukasafiri. Ndege, treni, kisha gari la kukodi, na Mwalimu akiwa macho muda wote. Alikuwa anasoma vibao vya barabarani kwa sauti, vyote, hata vya kuuza matairi. Bwana Yasuo alikuwa amekodi nyumba ndogo ya mbao karibu na kijiji. Nilipika wali pale, nikamwogesha, nikalala naye chumba kimoja kwenye godoro la sakafuni. Asubuhi alitaka nguo yake ya kijivu, ile ya heshima, na nilimfunga mkanda mara tatu kabla hajaridhika.

Ni lazima niseme jinsi mahali pale palivyo, kwa sababu sikuwa nimejiandaa kupapenda. Miti ni mierezi, imenyooka, minene kiasi kwamba watu watatu hawaizungushi mikono, na mmoja umefungwa kamba nene ya majani ya mpunga yenye vikaratasi vyeupe vilivyokunjwa. Mawe yote yamefunikwa na kijani. Kulikuwa na ukungu na mvua nyembamba isiyolowesha mtu haraka. Kulikuwa na mto kule chini, na nilisimama kuusikiliza, maana tangu nifike Doha, miaka minne, sijasikia maji yanayokwenda yenyewe bila mtu kufungua bomba. Ardhi ilinukia baridi na majani. Ilinukia kwetu. Ilinukia asubuhi ya Nyamira, wakati Mama anaondoka na kikapu mgongoni kwenda kwenye chai, ananipigia kelele niamke. Nilimkumbuka vibaya sana. Nikaukasirikia ule msitu kwa uzuri wake.

Nikasukuma kiti cha magurudumu juu ya kokoto mpaka kwenye lango. Ni nguzo mbili za mbao na boriti mbili juu, hakuna mlango, hakuna ukuta. Ungeweza kulizunguka. Ng'ambo yake niliona birika la jiwe lenye vikata vya mianzi vya kunawia mikono, na baada ya hapo zile ngazi, zinapanda mpaka zinapotelea kwenye ukungu. Mwanamke mmoja aliyevaa nyeupe na nyekundu alikuwa anafagia majani. Hakukuwa na mtu mwingine.

Mwalimu akakunja mikono mapajani.

Bwana Yasuo alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona Doha. Akaanza kunieleza kama mtu anayetembeza wageni: hapa tunainama kwanza, kisha tunapita pembeni, kwa kuwa katikati ni njia ya mungu mwenyewe. Nami, kwa ule ubishi wangu niliotoka nao kanisani, nikamwuliza, "Na nani haruhusiwi kupita?" Nilitaka aseme Wakristo, nipate kujibu.

Akacheka. "Wote wanaruhusiwa. Labda mtu aliyefiwa tu. Baba yangu alipokufa hatukupita hapa siku hamsini. Mama alikuwa anazunguka njia ya nyuma kwenda dukani, asipite hata mbele ya lango."

"Kwa nini?"

"Kifo hakiletwi hapa. Si dhambi." Akafikiri. "Ni kama matope kwenye viatu. Si kosa lako kuyakanyaga, lakini huingii nayo kwa mtu. Unasubiri yakauke."

Nikahesabu. Kutoka ile Jumanne ya kucha, siku kumi na tisa.

Nilisimama nimeshika vishikio vya kile kiti. Hakuna aliyejua. Mungu wao hanijui na mimi simjui, na kama ni mambo ya Mzee Herbert, hata hayupo huyo mungu. Ningeweza kupita pale kifua mbele, nikamfikisha Mwalimu juu, tukarudi Doha, mambo yakaisha. Lakini nilikuwa nimemvalisha mwanamke huyu kwa mikono hii. Alikuwa ameitamani siku hii kwa miaka mitatu, na mimi ndiye niliyekuwa nimebeba lile jambo moja wasilolitaka pale, nimelificha, nataka kuliingiza ndani nikiwa nimemshika mkono. Mtu hafanyiwi hivyo.

Mwalimu akashusha miguu chini, akanyoosha mkono ili nimsimamishe.

"Siwezi kuingia," nikasema. "Dini yangu hainiruhusu."

Uso wa Bwana Yasuo ukakunjamana. "Kwamboka. Nilikuuliza Doha. Mara mbili nilikuuliza. Ukasema hakuna shida."

"Samahani."

"Mmefanya mazoezi miezi miwili!"

Mwalimu alikuwa ananitazama. Kisha akasema polepole, kwa ile sauti ya darasani, "Kwamboka, ile sabuni ilikuwa nini?"

Hapo ndipo nilipokwisha. "Mama yangu amekufa," nikasema. Sikuwa nimewahi kuyasema maneno hayo kwa Kiingereza, na yalitoka mepesi mno, kama ya mtu anayeagiza kitu dukani. "Leo ni siku ya kumi na tisa."

Bwana Yasuo akaenda hatua kadhaa kwenye kokoto, akarudi. "Ungeniambia. Ningekupeleka kwenu siku hiyo hiyo."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Akajifuta mvua usoni. Ni mhandisi, akili yake hutafuta njia. Akasema sawa, pole sana, mimi nisubiri hapa chini, yeye atambeba mama mgongoni. Akachuchumaa mbele ya kiti, akampa mgongo. Alikaa hivyo muda mrefu, mikono nyuma, anangoja uzito. Mwalimu hakusogea.

Alimwambia jambo kwa Kijapani. Kisha akalirudia kwa Kiingereza, ili nisikie, maana mwalimu hasemi na nusu ya darasa. "Jana nani alipika wali wangu? Leo nani ameniogesha? Nimelala chumba kimoja na nani?"

"Mama, hayo ni mambo ya zamani," Bwana Yasuo akasema, bado amechuchumaa. "Ni kwa ndugu tu. Hakuna anayefiwa pamoja na mfanyakazi."

"Bibi yangu alitufundisha msiba unaingia kwenye nyumba. Wote wanaokula chakula cha moto mmoja wamefiwa." Akafikiri kidogo. "Wewe unakula ofisini. Unaweza kuingia."

Bwana Yasuo akasimama. Akasema basi atapanda amwite kuhani, ashuke atusafishe, kuna utaratibu wake, ni dakika kumi. Alikuwa anaomba sasa. Mtu wa miaka hamsini na tano anaombea mama yake ngazi sabini na mbili.

"Mama wa mtu haondolewi kwa dakika kumi," akasema Mwalimu.

Mimi nikapandwa na hasira. Najua si adabu, lakini zilinipanda. Nikaenda mbele ya kile kiti nikapiga magoti kwenye kokoto, mimi niliyeapa goti halitapigwa, nikamshika mikono yote miwili. "Mwalimu, ingia. Usifanye hivi. Nilinyamaza ili wewe uingie! Mama yangu ameshushwa kaburini sikuona, nimeangalia mwavuli, ili wewe ufike hapa! Usipoingia hapo ndani, mimi nilinyamaza kwa ajili ya nini?"

Nilikuwa napiga kelele. Yule mwanamke wa ufagio aliacha kufagia.

"Najua," Mwalimu akasema. "Kwa hiyo siwezi. Ningeingia kwa miguu ya nani?"

Akaurudisha mguu wake kwenye kikanyagio cha kiti, mmoja, kisha wa pili. Nilimfahamu. Alikuwa amemaliza. Alitazama juu kwenye zile ngazi mara moja, kwa muda, akakaza midomo kama mtoto anayejizuia, kisha akaniangalia mimi.

"Aliitwa nani?"

"Kerubo."

Siku kumi na tisa nilikuwa nimepewa pole, na chapati, na ushauri. Hakuna aliyekuwa ameniuliza jina lake.

"Alikuwa mtu wa namna gani, Kerubo?"

Nikamwambia alikuwa mgomvi. Nikamwambia aligombana na jirani yetu juu ya mbuzi kwa miaka kumi na mmoja, na jirani alipougua ndiye aliyempikia uji. Nikamwambia aliimba kwaya sauti ya kwanza na hakuijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Nikamwambia nilipoondoka kuja Doha alinifungia mahindi ya kuchoma kwenye gazeti, nikayatupa uwanja wa ndege kwa sababu niliona aibu. Hapo nikalia. Nililia kama tunavyolia kwetu, kwa sauti, kwa jina lake, kichwa kikiwa mapajani mwa yule bibi, na msitu ukapokea kila kitu. Yule mwanamke wa ufagio akatugeuzia mgongo, kwa heshima, akasimama hivyo. Bwana Yasuo alivua koti akamfunika mama yake magoti, kisha akaketi kwenye jiwe lenye maji, na suruali yake nzuri. Hakupanda kwenda hekaluni. Tulikaa labda saa nzima.

Hayo ndiyo yalikuwa matanga ya mama yangu: Wajapani wawili, na mvua.

Tuliporudi Doha, Bwana Yasuo alikuwa na adabu kwangu, hata kupita kiasi. Alisema tafadhali na asante kwa kila kitu, na hakunitazama usoni. Mwalimu hakuguswa na hayo. Kila siku baada ya chakula cha mchana alisema, "Kerubo," nami nikatoa kisa kimoja. Visa vilipoisha nilianza kusimulia vya shangazi zangu nikimpa Mama, na nadhani alijua. Nilimwambia siku hamsini zikiisha tutarudi majira ya machipuko. Akasema ndiyo. Hatukufanya tena mazoezi ya ngazi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku ya arobaini na saba, Jumamosi mchana, alikufa. Ilikuwa nimonia, siku tatu tu za hospitali. Nilikuwa peke yangu naye, mwanawe alikuwa njiani kutoka kazini kule kaskazini. Hakusema neno la mwisho, kama mnavyopenda kusikia. Alikohoa, na nilijua ni kile kikohozi cha kweli.

Bwana Yasuo aliondoka na mwili wake Jumatatu asubuhi. Kabla ya kutoka alikuja jikoni, mimi nikiwa naosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Alisimama pale, funguo mkononi.

"Angeingia, Kwamboka," akasema. Hakupaza sauti. "Zilibaki ngazi sabini na mbili tu."

Angepaza sauti ningejua la kufanya, maana kelele nazijua, lakini alisema polepole kisha akaniambia nyumba ni yangu mpaka mwisho wa mwezi, na akafunga mlango taratibu asinisumbue. Nilimwonea huruma, na nilijichukia. Yote mawili yapo bado.

Mchana huo huo simu ikalia. Ni Hannah.

"Kwambo, pole mami, nimeskia. Sasa skiza haraka. Kuna mzee hapo West Bay, amepata stroke. Familia ni watu poa sana. Wanataka mtu kesho. Nimeshawaambia ni wewe."

"Siwezi kesho."

"Wacha mchezo. Kesho kutwa?"

"Nina matanga, Hannah."

"Matanga ya nani tena? Si mamako mlimzika mwezi uliopita?"

"Ya Mwalimu."

"Kwamboka." Alivuta pumzi, ile ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Huyo alikuwa client. Si mtu wako. Hakuna mtu hukalia client matanga. Na karatasi zako zinaisha mwisho wa mwezi, unajua? Ukikosa sponsa hapo, ni ndege tu."

"Najua."

"Sasa?"

"Alikataa kuingia kwa mungu wake kwa sababu ya mama yangu. Hakuwahi kumwona hata kwenye picha. Sasa mimi niingie West Bay kesho?"

Upande wa pili nikasikia wenzake wakiongea chumbani na feni ikizunguka.

"Haya," akasema mwishowe, kwa sauti nyingine. "Niwaambie nini hawa watu?"

"Waambie nimefiwa."

"Siku ngapi?"

"Hamsini," nikamwambia, na hiyo ilikuwa siku ya tatu.